Kati ya Mizani na Daftari

Mzazi mmoja wa Bariadi, mwalimu mstaafu, ametuandikia barua ndefu yenye maswali matatu. Binti yake amehitimu shahada ya uhandisi wa kompyuta na amepata kazi mbili kwa wakati mmoja. Baba yake mdogo aliyeko Dar es Salaam amemtafutia nafasi katika ofisi yenye kiyoyozi, na kiwanda kimoja cha kuchambua pamba huko huko Simiyu kinamtaka aje kuunganisha mitambo yake na mfumo wa hesabu. Binti ameipenda ile ya kiwandani, na ukoo umegawanyika. Baba mdogo anasema mtoto hakusomeshwa miaka yote hiyo ili akashinde kwenye vumbi la pamba. Mama anaogopa zamu za usiku. Mzee mwenyewe anakiri kwamba hata hiyo kazi yenyewe haielewi. Anauliza: ni kazi gani hii? Je, inamfaa binti wa Kiislamu? Na msimu wa pamba ukiisha, atakula nini?

Mzee wetu, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kuamua. Nitaanza na swali la kwanza, na nitalikalia muda mrefu, kwa kuwa sehemu kubwa ya majibu ya hayo mengine imo ndani yake.

Tazama ukutani kwako penye mita ya LUKU. Unapolipa kwa simu, fedha zako zinaingia katika hesabu za TANESCO, na mfumo unakurudishia tarakimu 20. Unazibonyeza kwenye mita, na taa zinawaka. Tarakimu hizo zimebeba kiasi cha umeme ulichokilipia, nazo zimefungwa kwa ajili ya mita yako peke yake. Jirani akizibonyeza kwake hazimpi kitu. Hapo pana pande mbili zisizofanana hata kidogo. Upande mmoja kuna fedha na vitabu vya hesabu, upande mwingine kuna waya, swichi na umeme. Katikati yake kuna programu iliyoandikwa na mtu, na mtu huyo alilazimika kuzijua pande zote mbili. Mwezi Mei 2021 mfumo wa kununulia LUKU ulipopata hitilafu, watu walikaa gizani na fedha zao mkononi. Nguzo zilikuwa zimesimama, umeme ulikuwapo, na mnunuzi alikuwa tayari kulipa. Kilichokatika ni kiungo. Binti yako anaitwa akajenge na kulinda kiungo cha namna hiyo, ila chake kitakuwa ndani ya kiwanda cha pamba.

Fani hii ina wazazi wawili. Wa kwanza ni mitambo inayojiendesha. Zamani mashine za kiwandani ziliongozwa na makabati makubwa yaliyojaa swichi za sumaku na nyaya, na kubadili jambo dogo tu kulimlazimu fundi afumue nyaya na kuzifunga upya. Mwaka 1968 mhandisi wa Kimarekani, Dick Morley, na wenzake walianza kubuni kompyuta ndogo ya kuchukua nafasi ya makabati hayo, na mwaka huo huo kampuni ya magari ya General Motors ilikuwa ikitafuta kifaa cha aina hiyo. Mafundi hukiita PLC. Hakina kioo wala kibodi. Kinakaa ndani ya sanduku la chuma, kinasoma vihisio vya joto, uzito na mwendo mara nyingi ndani ya sekunde moja, kisha kinaamua mota hii izunguke na mkanda ule usimame.

Mzazi wa pili ni daftari. Mwaka 1972 Wajerumani watano waliokuwa wafanyakazi wa IBM walianzisha kampuni iitwayo SAP, ili kutengeneza programu za kushika uhasibu na shughuli nyingine za kampuni kubwa. Mteja wao wa kwanza alikuwa kiwanda cha nyuzi za nailoni cha kampuni ya ICI, huko Östringen, Ujerumani. Basi fani hizi mbili zimepishana kwa miaka minne tu, na ya pili imezaliwa kwenye kiwanda cha nyuzi. Lakini zilikua kama watoto wa mama tofauti wasiosemezana. Fundi wa mitambo anahesabu kwa sehemu za sekunde, na hataki mtu aguse mashine inayokwenda vizuri. Mhasibu anahesabu kwa mwezi, na anataka taarifa yake tarehe mosi. Fundi akiulizwa mali iliyotoka jana ni kiasi gani, anaonyesha karatasi yenye mafuta ya grisi. Mhasibu anaichukua karatasi ile na kuandika tarakimu zake upya, na katika kuandika upya ndimo makosa huzaliwa, na wakati mwingine wizi.

Mwaka 2000 jumuiya ya wahandisi wa Marekani iitwayo ISA ilitoa sehemu ya kwanza ya kanuni za kuunganisha pande hizi, na wahandisi huzieleza kwa mfano wa nyumba ya ghorofa. Chini kabisa ipo mali yenyewe inayotengenezwa. Juu yake vipo vihisio, kisha mashine za kuongoza, kisha uendeshaji wa siku hadi siku wa kiwanda, na juu kabisa ofisi ya biashara. Binti yako ataishi kwenye ngazi, si katika chumba chochote. Atapandisha habari kutoka chini hadi juu, na atakuwa mwangalifu mno katika kushusha amri kutoka juu hadi chini. Nasema mwangalifu kwa sababu pamba inashika moto upesi. Cheche ikionekana ndani ya mashine, amri ya kusimamisha mkanda ni lazima itoke hapo hapo mashineni, bila kungoja intaneti wala meneja. Mhandisi anayeiweka amri hiyo ofisini, mbali na mtambo, anacheza na roho za watu.

Sasa tuje Bariadi. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, nao ndio unaoongoza nchini kwa zao la pamba. Wewe unaijua safari ya pamba kuliko mimi, lakini nakuomba uitazame kwa jicho la binti yako. Mkulima anafika na mzigo wake kituo cha AMCOS. Unapimwa, karani anaandika, mkulima anapewa stakabadhi. Mizigo inakusanywa, inapakiwa kwenye lori, na lori linapimwa tena kwenye mizani ya magari langoni mwa kiwanda, kwanza likiwa na shehena, kisha likiwa tupu. Ndani, mashine zinatenganisha nyuzi na mbegu. Nyuzi zinafungwa marobota, na kila robota linapimwa. Mbegu zinakwenda kukamuliwa mafuta, na mashudu yanauzwa kwa wafugaji. Hesabu umeona ni mizani mingapi hapo? Kila mzani unatoa tarakimu, na kila tarakimu ni fedha ya mtu.

Tarakimu hizo zinapaswa kusemezana. Kwa kawaida theluthi moja hivi ya uzito wa pamba ghafi hutoka ikiwa nyuzi. Kilo 3,000 zikiingia, utarajie takriban kilo 1,000 za nyuzi na 1,900 hivi za mbegu, na kidogo kinachobaki ni taka na unyevu uliopotea hewani. Ikiwa vitabu vya kituo vinasema zimenunuliwa kilo 3,000, na marobota pamoja na mbegu vinaonyesha kwamba kiwanda kilipokea kilo 3,150, basi kilo 150 zimezuka. Pamba haizai njiani. Ama mzani mmoja haukukaa sawa, ama wapo wakulima waliopunjwa. Na kama zimepungua, ama lori lilisimama mahali lisipopaswa kusimama, ama kituoni kiliandikwa kisichokuwapo. Mfumo uliounganishwa vizuri unalitoa jambo hili siku ile ile. Mfumo wa karatasi huligundua baada ya msimu kwisha, wakati lawama haina tena mwenyewe.

Baba mdogo anadhani hii ni kazi ya kushika spana. Mwambie kwamba yapo mambo ndani yake yanayokosesha usingizi wahandisi waliobobea. Umeme unakatika katikati ya kupima. Mtandao wa simu unapotea saa nne. Programu ya mtoto wetu inatakiwa ihifadhi kila upimaji pale pale kituoni, kisha iupeleke mtandao ukirudi, na isiupeleke mara mbili. Ikiupeleka mara mbili mkulima atalipwa mara mbili, na wa mwisho kwenye foleni atakosa. Kwa hiyo kila upimaji hupewa namba yake isiyorudiwa, ili daftari likipokea namba lililokwisha kuipokea liikatae. Ni jambo dogo kulisema, lakini limeangusha mifumo mingi ya watu wenye majina.

Nimefika mahali ninapotaka tukae zaidi.

Watu wa Usukuma wana historia na mizani kuliko watu wengi wa nchi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba waliochoshwa na kupunjwa katika vituo vya wanunuzi binafsi waliweka wapimaji wao wenyewe, waliolipwa na wakulima ili wahakiki mizani ya mnunuzi. Mtu mmoja, macho yake mawili, na uaminifu wake. Kutokana na mwamko huo vikakua vyama vya wakulima, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika uliojulikana kama Victoria Federation. Kiongozi wake, Paul Bomani, baadaye akawa Waziri wa Fedha na balozi wetu Marekani. Huenda vijana hawalijui jina lake, lakini ushirika ule mkubwa ulianza kwa swali la kijana yeyote anayesimama mbele ya mzani: nani anaitazama ile sindano kwa niaba yangu?

Siku hizi sindano inaondoka. Serikali imekuwa ikihimiza mizani ya kidijitali vituoni, na ni jambo la heri, maana tarakimu inayong'aa mbele ya mkulima si rahisi kuibishia. Hata hivyo tusijidanganye. Zamani mpunjaji alihitaji kidole chake kwenye kila mzani, kituo kwa kituo, na macho ya watu yakimtazama. Leo anahitaji mstari mmoja wa programu. Wakala wa Vipimo hukagua mizani na kubandika stika yake, lakini stika imebandikwa kwenye mzani. Tarakimu ikishatoka pale kuelekea kwenye daftari, mlinzi wake ni aliyeiandika programu.

Nitatoa mfano ili usione kwamba natia chumvi. Mzigo wa mkulima una kilo 47.6. Mwandishi wa programu anapaswa kuamua: daftari liandike 47.6, au 48, au 47? Akisema desimali ikatwe, hakuna atakayeona ubaya. Kilo nzima nzima ni rahisi kuhesabu. Lakini akikata kila mara kwenda chini, kwa wastani anamtoa kila mtu nusu kilo. Kituo kinachopima mizigo 400 kwa siku kimewatoa wakulima kilo 200. Kwa bei ya shilingi 1,200 kwa kilo, iliyotangazwa msimu wa 2019, hiyo ni shilingi 240,000 kwa siku, kwa kituo kimoja, na hakuna aliyeinua mkono kuiba. Hapo sijagusa makato ya uzito wa gunia, ambayo nayo ni mstari mmoja tu, na anayeyapanga ni yule yule aliyekaa mbele ya kompyuta.

Wafasiri wa Qur'ani wamesema kuhusu jina la Surat Al-Mutaffifin kwamba asili yake ni neno lenye maana ya kitu kidogo, hafifu, kwa kuwa mpunjaji hachukui kingi. Anachukua kidogo, kisichoumiza mtu mmoja kiasi cha kwenda kushitaki. Surah hiyo imefunguliwa kwa onyo la maangamizi juu ya hao wanaojipimia kwa ukamilifu na kuwapimia wengine kwa upungufu. Mimi nikiisoma leo sioni muuza nafaka wa Madina peke yake. Naona pia ile desimali.

Tusimwonee mnunuzi peke yake. Kila msimu hulalamikiwa wakulima wanaotia maji kwenye pamba, au mchanga, au chumvi, ili mzigo uzidi uzito. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye chungu la chakula, akaingiza mkono ndani yake, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kilicholowa juu, watu wakakiona, na akabainisha kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Hadithi hii imo katika Sahih Muslim, kutoka kwa Abu Huraira (R.A.). Vipo leo vifaa vya kupima unyevu wa pamba vinavyofanya kazi ya mkono ule mtukufu, na tarakimu zake zinaweza kuandikwa pamoja na za uzito. Kifaa hicho kikisomwa kwa haki kinamlinda mkulima mwaminifu ambaye bei ya pamba yake huharibiwa na jirani yake mwenye ndoo.

Basi jibu la swali la kwanza ni kwamba binti yako anaitwa kuwa mpimaji, kama wale wa miaka ya 1950, isipokuwa mzani wake mmoja utapimia maelfu ya watu ambao hatawaona. Wengi wao hawatakuwa Waislamu, maana sisi Waislamu wa Simiyu ni wachache tukilinganishwa na ndugu zetu wa pwani. Hilo halipunguzi kitu. Nabii Shuaib (A.S.) aliamrishwa awafikishie watu wa Madyan habari ya vipimo kamili, na waliopunjwa huko walikuwa watu wote waliokuja sokoni, wala hawakuulizwa dini zao.

Nikiwa bado Madyan, niingie swali la pili. Surat Al-Qasas inatusimulia jinsi Nabii Musa (A.S.) alivyofika kwenye maji ya mji huo akakuta kundi la wachungaji, na pembeni wanawake wawili waliowazuia wanyama wao. Alipowauliza, walisema hawanyweshi mpaka wachungaji waondoke, na baba yao ni mzee sana. Wafasiri wengi wamesema mzee huyo ni Nabii Shuaib mwenyewe, na wengine wamesema siye. Iwavyo yote, mabinti wale walitoka kwa haja, katika kazi iliyojaa wanaume, na walitoka kwa adabu. Kisha ni mmoja wao aliyemshauri baba yake amwajiri Musa, kwa hoja kwamba mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Mpaka leo sijaona tangazo la kazi lililoeleza sifa za mhandisi kwa maneno machache zaidi ya hayo mawili.

Wengine watakutajia Bibi Shifaa bint Abdillah, aliyemfundisha Bibi Hafsa kuandika, kwamba Sayyidna Umar alimpa sehemu ya usimamizi wa soko la Madina. Wapo waliolipokea hilo, na wapo wanazuoni waliolikataa, kwa hiyo mimi sitajenga hoja yangu juu yake. Mabinti wa Madyan wanatosha.

Lakini ruhusa ina masharti yake, na hapa mama ana haki ya kusikilizwa. Msimu ukipamba moto viwanda huchambua usiku na mchana. Binti asikubali zamu inayomfungia chumba kimoja na mwanamume asiye maharimu wake, wawili peke yao. Aombe zamu yenye mtu wa tatu, na kiwanda chenye nia njema hakitashindwa. Usafiri wa usiku uwe wa kiwanda, na hilo liandikwe, kwa kuwa bodaboda ya saa saba za usiku haimfai mtoto wa mtu yeyote, wa kike wala wa kiume. Kuhusu mavazi, kuna jambo ambalo wengi hawalitaji. Mikanda na mashine zinazozunguka hushika nguo inayoning'inia, na si mara moja tu zimeng'oa mkono wa mtu. Mtandio ufungwe vizuri na ncha zake ziingizwe ndani ya ovaroli pana. Stara inabaki kamili na maisha yanabaki salama. Na barakoa asiivue, kwa kuwa vumbi la pamba likivutwa kwa miaka huleta maradhi ya kifua. Katika hilo la vumbi, baba mdogo amesema kweli.

Swali la tatu, la riziki baada ya msimu, lina jibu fupi kuliko unavyodhani. Mashine zikisimama ndipo kazi yake ya kutengeneza inapoanza, kwa kuwa hakuna kiwanda kinachokubali programu ibadilishwe marobota yakitoka. Pia marobota huuzwa kwa miezi mingi, na ghala lina hesabu zake. Zaidi ya hapo, atazame nje ya pamba. Simiyu ina maziwa ya Meatu na chaki za Maswa, viwanda vidogo vilivyoanzishwa na vijana. Kila kituo cha mafuta nchini kinatakiwa kiunganishe pampu zake na mashine ya stakabadhi ya TRA. Mwaka 2017 vituo vingi vilifungwa kwa muda kwa kukosa kufanya hivyo. Pampu na risiti, mita na simu, mzani na daftari: ni kazi moja yenye nguo tofauti. Kijana anayeijua kikweli Bariadi anaweza kuitwa Mwanza, Kahama au Geita, na asiitwe kama mgeni wa kompyuta bali kama mtu aliyewahi kusimama kando ya mashine inayonguruma.

Kwa sababu hiyo namshauri asianze na kompyuta. Wiki zake za kwanza aombe akae kituoni na karani, kisha langoni kwenye mizani ya magari, kisha na fundi wa zamu, akiuliza na kuandika. Mafundi wazee wa viwanda vile wanajua kwa kusikia mlio tu kwamba mashine fulani imekabwa. Akiwadharau watamficha mambo, na programu yake itakuwa nzuri kwenye karatasi na mbovu kiwandani. Akiwaamkia na kuwauliza, watamfundisha yale ambayo chuo hakina.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza, nalo ndilo lililonifanya nikuandikie kirefu namna hii. Ipo siku mtu atamjia. Huenda akawa mkubwa wake, huenda akawa karani aliyemzoea, na atazungumza kwa upole kabisa. Atamwambia aongeze makato kidogo kwenye gunia, au afute upimaji mmoja wa jana, au ampe nenosiri lake kwa dakika tano. Siku hiyo elimu yake haitamsaidia sana, kwa kuwa kufanya anachoombwa ni rahisi mno kwa aliyesoma. Kitakachomsaidia ni kama anaweza kumudu kukataa. Msichana ambaye mshahara wake ndio unaolipa ada za wadogo zake watatu, kodi ya nyumba na madeni ya harusi za ukoo, amefungwa mikono kabla ya kuulizwa. Msimtwike yote hayo mwaka wa kwanza. Mwambieni mapema, wewe na mama yake, na baba mdogo akiwepo, kwamba akirudi nyumbani bila kazi kwa sababu amekataa kupunja watu, atapokelewa kwa heshima na chakula chake kitakuwapo.

Naye ajiwekee ulinzi wa kifundi. Mfumo autengeneze hivi kwamba upimaji ukishaandikwa haufutiki. Ukiwa na kosa, huandikwa mwingine wa kulirekebisha, na jina la aliyerekebisha hubaki pale. Mkulima apate ujumbe wa simu wenye uzito wake kama ulivyosomwa kwenye mzani, kabla ya makato, na makato yaonyeshwe mstari wake. Kanuni ya desimali na ya gunia isiamuliwe na yeye peke yake: iandikwe kwenye karatasi, isainiwe na uongozi wa kiwanda na wa AMCOS, ibandikwe kituoni penye macho ya watu.

Mkataba wa ajira nao uandikwe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na imemkataza mwandishi kukataa kuandika na kumtaka aandike kwa uadilifu. Ndani ya mkataba ielezwe programu atakayoiandika ni mali ya nani, nani mwingine atakuwa na nenosiri, malipo ya miezi isiyo ya msimu ni kiasi gani, na usafiri wa zamu za usiku. Usisaini siku ile ile, mzee wetu. Uchukueni nyumbani, mpeni baba mdogo ausome kwanza, kwa kuwa yeye ndiye anayeipinga kazi hii na ndiye atakayeyaona mapengo yake upesi kuliko ninyi.